Mtoto amekaa vibaya? Kwanza uliza amekaaje

Maneno yenyewe ni mawili na hutamkwa haraka, lakini yanatosha kumkosesha mtu usingizi: amekaa vibaya. Mjamzito huyasikia akiwa na wiki 30, 34 au 38, na kuanzia siku hiyo kila teke analipigia hesabu. Shida ni kwamba maneno hayo hubeba mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Kuna mtoto aliyetanguliza matako badala ya kichwa. Kuna aliyelala kingamo, kichwa ubavu huu na matako ubavu ule. Kuna aliyetanguliza kichwa vizuri tu, ila mgongo wake umeegemea mgongo wa mama. Na kuna aliye sawasawa kabisa, isipokuwa kichwa chake hakijashuka kwenye nyonga.

La kwanza lina muda wake wa kusubiri na muda wake wa kuchukua hatua. La pili, mimba ikishakomaa, ndilo la kuogopa kweli. La tatu linazungumzwa kuliko linavyostahili. La nne mara nyingi si tatizo. Kwa hiyo anayeambiwa mtoto amekaa vibaya ana maswali mawili ya kuuliza kabla hajaondoka kitini: amekaaje hasa, na nina wiki ngapi?

Wiki ndiyo inayoamua

Kwenye wiki ya 28, takriban mtoto mmoja kati ya watano huwa ametanguliza matako. Mimba inapokomaa, kuanzia wiki ya 37, wanaobaki hivyo ni 3 hadi 4 tu kwa kila 100. Wengine wote wamegeuka wenyewe, wengi wao bila mama kujua ni siku gani.

Kugeuka huko kuna sababu ya kimaumbile. Mfuko wa uzazi ni mpana juu na mwembamba chini. Mapema, maji ni mengi na mtoto ni mdogo, hivyo anaelea apendavyo. Anapokua nafasi inabana, na sehemu yake iliyo kubwa zaidi, yaani matako pamoja na mapaja yaliyokunjwa, hutafuta upande wenye upana. Kichwa ndicho kinachotoshea chini. Miguu nayo husaidia kwa kusukuma ukuta wa mfuko, mpaka mwili wote ukazunguka.

Ndiyo maana neno "matako" kwenye kadi ya wiki ya 28 ni taarifa tu, kama vile kuandika uzito wa siku hiyo. Kwenye wiki ya 32 bado ni la kusubiri. Kwenye wiki ya 36 linakuwa jambo la kupanga. Hata hapo mlango haujafungwa: kwa wanaobeba mimba ya kwanza, watoto wapatao 8 kwa 100 waliotanguliza matako baada ya wiki ya 36 bado hugeuka wenyewe, na kwa waliokwisha kuzaa ni wengi zaidi. Ila hiyo si hesabu ya kuiegemea huku siku zikienda.

Kusoma kadi

Kadi nyingi huandikwa kwa vifupisho, na mtu anaweza kubeba hofu ya mwezi mzima kwa sababu ya herufi tatu alizozisoma vibaya. Kinachoandikwa ni mambo manne. Mlalo ni uti wa mgongo wa mtoto ukilinganishwa na wa mama: wima, mshazari au kingamo. Kitangulizi ni sehemu iliyo karibu na njia ya kutokea: kichwa, matako, mguu au bega. Cha tatu ni upande ambao kisogo kimeelekea, na hapa ndipo zinapotokea herufi kama LOA au ROP. Herufi ya kwanza ni upande wa mama, L kushoto na R kulia. O ni kisogo. Ya mwisho ni A kama kisogo kiko mbele, kuelekea kitovu cha mama, au P kama kiko nyuma, kuelekea uti wa mgongo wake. Ikiandikwa T, kisogo kiko pembeni. Hakuna herufi kati ya hizo inayomaanisha hatari.

La nne ni kushuka kwa kichwa, na huhesabiwa kwa sehemu tano. Ukiona 5/5, kichwa chote bado kinapapasika juu ya mfupa wa kinena. 3/5 maana yake zaidi ya nusu bado iko juu. Ikifika 2/5, sehemu pana ya kichwa imeshapita mlango wa nyonga, na hapo husemwa kichwa kimeingia. Tahadhari moja: hesabu hii ni ya kilichobaki juu, lakini wapo wanaoandika kilichoshuka, hivyo 2/5 ya mmoja ni 3/5 ya mwingine. Kuuliza ni sekunde kumi.

Katika mimba ya kwanza kichwa mara nyingi huingia kuanzia wiki ya 36. Kwa aliyewahi kuzaa, kinaweza kukaa juu mpaka uchungu uanze, na hilo ni la kawaida kabisa. Mimba ya kwanza ikifika wiki ya 38 na kichwa kinaelea, kinachofanywa ni kuangalia kama kuna kinachokizuia: kondo la nyuma lililokaa chini, uvimbe wa kizazi, maji mengi kupita kiasi, wiki zilizohesabiwa vibaya, au kibofu kilichojaa tu. Mara nyingi hakipatikani chochote, na kichwa hushuka chenyewe kwa nguvu ya uchungu.

Mikono inavyosoma tumbo

Upapasaji unaotumika karibu kila mahali umepewa jina la Christian Gerhard Leopold, daktari Mjerumani wa karne ya 19, na una hatua nne. Mjamzito kwanza huenda haja ndogo, kisha hulala chali magoti yakiwa yamekunjwa ili misuli ya tumbo ilegee.

Hatua ya kwanza, viganja viwili huwekwa juu kabisa ya mfuko wa uzazi, chini ya mbavu. Swali ni moja: kilichopo hapo ni kichwa au matako? Kichwa ni kigumu na cha mviringo, na ukikigusa kwa vidole upande mmoja kinaruka na kugonga vidole vya upande wa pili, kwa sababu kiko juu ya shingo na kinaweza kutikisika peke yake. Matako ni mapana, laini kidogo, na ukiyasukuma mwili mzima unaenda nayo. Tofauti hiyo ya kutikisika ndiyo siri yote. Hatua ya pili, mikono hushuka ubavuni: upande mmoja unakuta kitu kirefu, laini na imara, huo ni mgongo, upande wa pili vinundu vinundu vinavyokwepa, hivyo ni magoti, visigino na viwiko. Ya tatu, kidole gumba na vidole vingine hushika kilicho juu ya mfupa wa kinena na kukitikisa taratibu kuona kama bado kinaelea. Ya nne, mkunga hugeuka kutazama miguu ya mama, akatelezesha ncha za vidole kuingia kwenye nyonga kupima kilivyoshuka.

Mwisho husikilizwa mapigo ya moyo. Yakisikika vizuri chini ya kitovu, huenda kichwa ndicho kimetangulia. Yakiwa usawa wa kitovu au juu yake, shaka ya matako inaongezeka.

Mikono hii, hata ya mzoefu, hukosea. Tumbo lenye mafuta mengi, maji mengi, kondo lililokaa mbele, misuli iliyokaza kwa woga, vyote huziba habari. Kosa la kawaida kuliko yote ni matako yaliyoingia vizuri ndani ya nyonga huku miguu imenyooka kuelekea usoni: mviringo wake ni mgumu na hautikisiki, na mpapasaji anaweza kuapa kwamba ni kichwa kilichoshuka. Ndiyo maana shaka yoyote kwenye wiki ya 36 humalizwa kwa altrasaundi, kipimo kinachojibu swali hili kwa dakika moja. Haina haja ya kuona haya kukiomba.

Na mama mwenyewe anaweza kuhisi nini? Mateke makali chini ya mbavu, hasa upande mmoja, na kwikwi zinazogonga chini karibu na kinena, huendana na kichwa kilichotangulia. Kitu kigumu cha mviringo kinachokandamiza chini ya mbavu na kuuma ukiinama, pamoja na mateke ya kushtukiza kwenye kibofu au njia ya haja kubwa, huendana na matako. Ni dalili tu. Kondo la mbele hupooza mateke kiasi kwamba ramani yote inaharibika. Jambo moja lisichanganywe na ramani hiyo: mtoto kupunguza kucheza si habari ya mlalo. Mtu asijiambie "labda amegeukia nyuma ndiyo maana simsikii". Akipunguza kucheza, ni kwenda kupimwa siku hiyohiyo.

Mgongo kwa mgongo

Mtoto aliyetanguliza kichwa lakini kisogo kimeegemea nyuma anatazama juu, kuelekea kitovu cha mama. Tumbo linaweza kuonekana bapa, pengine na kibonde karibu na kitovu, mahali ambapo mgongo ungepaswa kuwa, na mateke yanasikika mbele kabisa.

Hofu yake ina msingi wa hesabu. Kichwa kilichoinama vizuri, kidevu kifuani, hupita kwa kipimo cha sentimita 9.5 hivi. Kisogo kikiwa nyuma, mara nyingi kidevu hakiinami vya kutosha, na kipimo kinachopita kinaweza kufika sentimita 11.5. Sentimita mbili katika njia ya mfupa ni nyingi. Matokeo yake ni uchungu mrefu, maumivu makali ya mgongo, na hamu ya kusukuma kabla mlango wa kizazi haujafunguka wote.

Lakini angalia kinachotokea mwishoni. Uchungu unapoanza, watoto wapatao 15 hadi 30 kwa 100 wana kisogo nyuma. Wanapozaliwa, wanaobaki hivyo ni kati ya 5 na 8. Wengine wote wamezungushwa na uchungu wenyewe, kichwa kikigonga sakafu ya misuli ya nyonga na kuteleza kuelekea mbele. Na baadhi ya wanaozaliwa wakitazama juu hawakuanza hivyo. Walizungukia huko katikati ya safari. Kwa hiyo kujua kwamba kisogo kiko nyuma kwenye wiki ya 35 hakukuambii karibu chochote kuhusu siku yenyewe.

Ushauri wa kuinama, kutambaa na kupiga deki kwa magoti ulienea sana kuanzia miaka ya 1990, kutokana na mafundisho ya mkunga Jean Sutton wa New Zealand. Hoja yake inavutia: mgongo ndio sehemu nzito ya mtoto, basi mama akiinama mbele utaanguka mbele. Ikaja kupimwa. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2004 uliwagawa wanawake zaidi ya 2,500. Kundi moja lilipiga magoti na mikono, likitikisa nyonga, dakika 10 mara mbili kwa siku kuanzia wiki ya 37. Siku ya kuzaa, idadi ya watoto wenye kisogo nyuma ilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Mkao huo hupunguza maumivu ya mgongo, na kwa sababu hiyo pekee unafaa, hasa wakati wa uchungu. Lakini mwanamke aliyekaa kwenye kochi la kuzama hakumharibu mtoto wake, na asibebeshwe lawama hiyo.

Kulala ubavu ni suala jingine kabisa. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kuanza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi ukilala chali hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na kulala chali kumehusishwa na hatari zaidi ya mtoto kufia tumboni. Akizinduka na kujikuta chali, ageuke tu aendelee kulala.

Siku ya uchungu, kinachosaidia ni kuwa wima na kubadili mkao, kukojoa mara kwa mara, kutosukuma kabla ya sentimita 10, na dawa ya maumivu kwa anayeihitaji. Kichwa kikikataa kuzunguka, mtaalamu anaweza kukizungusha kwa mkono au kukivuta kwa kifaa, au uamuzi ukawa upasuaji.

Matako

Hapa pana mambo mengi, tuyachambue polepole. Mtoto aliyetanguliza matako hukaa kwa namna tatu. Iliyo ya kawaida kuliko zote mimba ikikomaa ni miguu kunyooka juu, visigino karibu na masikio. Ya pili, magoti yamekunjwa kama mtu aliyekaa mkekani. Ya tatu, mguu mmoja au yote miwili imening'inia chini ya matako. Tofauti si ya urembo. Matako yaliyokaa peke yake huziba mlango wa kizazi karibu vizuri kama kichwa. Mguu hauzibi kitu. Chupa ya uzazi ikipasuka, kitovu cha mtoto, yaani ile kamba inayomuunganisha na kondo, kinaweza kuteleza pembeni ya mguu huo na kutoka kwanza, jambo ambalo kwa mguu uliotangulia limeripotiwa kufikia zaidi ya 10 kwa 100.

Kwa nini wengine hawageuki? Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana. Inapokuwepo huwa ni moja ya hizi: kondo lililokaa chini, uvimbe au umbo la mfuko wa uzazi lenye kizuizi katikati, maji kuwa machache au mengi mno, mapacha, mimba changa, na mara chache kasoro kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo altrasaundi ya wiki ya 36 haitafuti matako tu; inatafuta pia sababu.

Hatua inayopendekezwa kwanza ni kumgeuza mtoto kwa nje, kwa mikono juu ya tumbo. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na wiki ya 37 kwa aliyewahi kuzaa. Haifanywi mapema kwa sababu mbili: watoto wengi wangegeuka wenyewe, na kama kitatokea cha kulazimisha mtoto atoke siku hiyo, ni bora awe amekomaa.

Siku hiyo, altrasaundi inathibitisha mlalo, mahali pa kondo na kiasi cha maji. Mapigo ya moyo ya mtoto hufuatiliwa kwa mashine. Mama hukojoa, kisha mara nyingi huchomwa terbutalini mikrogramu 250 chini ya ngozi ili mfuko wa uzazi ulegee. Moyo wake utaenda mbio na mikono itatetemeka kwa muda, na hilo lisimtishe. Tumbo hupakwa jeli. Mkono mmoja wa daktari huyainua matako kutoka kwenye nyonga, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Bila matako kutoka hakuna kinachozunguka. Mkono wa pili hukiinamisha kichwa, na mtoto husukumwa apige pindu la mbele. Ikigoma, hujaribiwa pindu la nyuma. Katikati, husimama kusikiliza moyo. Kusukuma kwenyewe mara nyingi hakuzidi dakika 10, na mama akisema basi, ni basi.

Hufanikiwa kwa karibu nusu ya wanaojaribiwa: takriban 40 kwa 100 katika mimba ya kwanza, na 60 kwa 100 kwa waliokwisha kuzaa. Maji ya kutosha, tumbo lililolegea na matako ambayo hayajashuka huongeza bahati. Kondo la mbele na miguu iliyonyooka huipunguza. Wanaogeuka tena kurudi matako ni chini ya 5 kwa 100. Takriban mmoja kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka kwa sababu mapigo ya moyo yameshuka au damu imetoka, ndiyo maana chumba cha upasuaji hakina budi kuwa karibu. Mwenye damu ya Rhesus hasi huchomwa anti-D, sindano inayouzuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72. Na asiyepaswa kujaribiwa kabisa ni mwenye kondo lililoziba njia, aliyetokwa na damu siku za karibuni, ambaye chupa imepasuka, au mwenye mapacha ambao hakuna aliyezaliwa bado.

Mtu anaweza kuuliza: kama ni mikono tu, kwa nini nisikandwe nyumbani? Kwa sababu kinachoifanya shughuli hii iwe salama si mikono. Ni kujua kondo liko wapi kabla ya kusukuma, kusikia moyo wa mtoto wakati unasukuma, na kuweza kumtoa ndani ya dakika chache mambo yakiharibika. Ondoa hivyo vitatu, na unabaki na nguvu inayoweza kulibandua kondo bila yeyote kugundua mpaka damu itoke au mtoto anyamaze.

Vipi kuhusu mazoezi? Kupiga magoti na kuweka kifua chini, matako juu, kumefanyiwa tafiti chache, na hazijaonyesha kwamba kunageuza watoto kuliko kusubiri. Hakuna ubaya kwa asiyepata kizunguzungu. Ile mbinu ya Kichina ya kufukizia mmea karibu na kidole kidogo cha mguu ina tafiti zenye matokeo mazuri na nyingine zisizo na matokeo. Anayeitaka aijaribu wiki za 33 hadi 35 kwa mjuzi, na isimchelewesha kupanga mambo ya wiki ya 36. Kumulika tumbo kwa tochi na kumwekea mtoto muziki chini ya kinena hakuna ushahidi wowote.

Akibaki matako, kuna njia mbili, na mjadala wake una historia. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Kanada, wanawake 2,088 katika nchi 26. Waliopangiwa upasuaji, watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa 1.6 kwa 100. Waliopangiwa njia ya kawaida, 5.0 kwa 100. Hospitali nyingi ziliacha kuzalisha matako karibu mara moja. Miaka minne baadaye, watoto wa utafiti huo waliofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili hawakuonyesha tofauti ya vifo au kuchelewa kukua kiakili kati ya makundi hayo, na wakosoaji walikwisha kuhoji uzoefu wa baadhi ya wazalishaji. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa mwaka 2017 unakadiria vifo vya watoto kuwa 0.5 kwa 1,000 kwa upasuaji uliopangwa baada ya wiki ya 39, 2.0 kwa 1,000 kwa kuzaa matako kwa njia ya kawaida kulikopangwa, na 1.0 kwa 1,000 kwa kichwa kilichotangulia. Upande wa pili wa mizani kuna kovu kwenye mfuko wa uzazi, linaloongeza hatari katika kila mimba ijayo. Anayetaka watoto wanne ana hesabu tofauti na anayemaliza na huyu.

Hatari ya kuzaa matako inatokana na mpangilio: kilicho kikubwa kinatoka mwisho. Kichwa kikitangulia, kikipita kimepita. Matako yakitangulia, mwili mwembamba unaweza kuteleza kupitia mlango wa kizazi ambao haujafunguka wote, kisha kichwa kikakwama wakati kitovu kimeshabanwa. Mikono inaweza kuinuka kando ya kichwa na kukaza zaidi, hasa mtoto akivutwa, na kuvuta ndilo kosa kubwa la asiye na uzoefu. Ndiyo maana njia ya kawaida haishauriwi kama mguu umetangulia, kama shingo ya mtoto imepinda nyuma, kama anakadiriwa kuzidi kilo 3.8 au ni mdogo kupita kiasi. Swali zito kuliko yote ni la watu: nani atakuwepo saa tisa usiku, na amezalisha matako mara ngapi? Jibu likiwa la kusitasita, lenyewe ni jibu.

Jambo moja husahaulika baada ya yote kwisha. Mtoto aliyekuwa ametanguliza matako wiki ya 36 au baadaye, hata kama aligeuzwa, hata kama alizaliwa kwa upasuaji, ana uwezekano zaidi wa nyonga zisizokaa sawa. Apimwe nyonga kwa altrasaundi karibu na wiki ya 6 ya maisha yake. Ikigundulika mapema hutibiwa kwa mkanda laini; ikichelewa mpaka anaanza kutembea, huwa kisu.

Kingamo, na siku chupa inapopasuka

Mtoto aliyelala kingamo wiki ya 30 si habari. Wiki ya 37 na kuendelea ni habari nzito, kwa sababu hakuna namna ya mtoto aliyekomaa kuzaliwa akiwa kingamo. Bega ndilo linalosukumwa kwenye nyonga, mkono unaweza kutoka, mfuko wa uzazi unazidi kukaza bila kitu kusogea, na mwisho wake, bila upasuaji, ni kupasuka kwa mfuko huo. Huonekana zaidi kwa waliozaa mara nyingi, ambao misuli ya tumbo imelegea, na penye kondo la chini, uvimbe au maji mengi.

Wengine huwa leo kingamo, kesho kichwa, keshokutwa mshazari. Daktari anapotaka kumlaza mama kama huyo wodini kuanzia wiki ya 37 au 38, ingawa hana maumivu yoyote, sababu ni hiyo chupa. Ikipasuka nyumbani wakati hakuna kilichoziba mlango, kitovu hutangulia na maji. Hospitalini, mtoto anaweza kugeuzwa akae wima na uchungu uanzishwe papo hapo, au afanyiwe upasuaji kwa utulivu.

Yeyote ambaye mtoto wake ni kingamo, mshazari, matako, au kichwa kinachoelea juu kabisa, chupa ikipasuka asisubiri uchungu, aende hapohapo. Akiona au akihisi kitu laini kama kamba kimetoka ukeni, asikirudishe ndani wala asikishikeshike. Apige magoti, kifua na uso viguse chini, matako yawe juu kuliko kichwa, na mtu mwingine ndiye apige simu ya dharura. Kwenye gari alale ubavu wa kushoto, mito miwili chini ya nyonga, asikae wima wala kutembea kuelekea mapokezi. Na anayemsindikiza awape taarifa kabla hawajafika, kwa maneno haya haya: kitovu kimetangulia.